Mstari ukinukuliwa, soma sura nzima
Ukisikia mstari mmoja ukirudiwa sana mimbarani, fungua Biblia usome sura yote. Chukua Yeremia 29:11, ule wa "mawazo ya amani". Ni sehemu ya barua kwa mateka waliokuwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia wangoje miaka 70! Mistari ya 8 na 9 inawaonya juu ya manabii waliowatabiria uongo. Hiyo ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Hata Shetani alipomjaribu Yesu alinukuu Zaburi ya 91. Kupima hivi si kumdharau mchungaji: watu wa Beroya walichunguza maneno ya Paulo mwenyewe, na Matendo 17:11 inawasifu. Andika maandiko yanayotajwa ibadani, uyasome jioni hiyohiyo kabla hujasahau.