Bolti za silinda hedi: kuchagua, kukagua na kukaza

Huku kwetu gasketi za hedi, zile zinazoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku, hazina mapumziko. Fuso limepakia viazi Isyonje, Hiace inapanda Kitonga imejaa hadi mlangoni, na hapa Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 tu mfuniko wa rejeta ukishachoka. Hedi inapinda, gasketi inaungua. Fundi anachonga hedi, ananunua gasketi mpya, halafu anarudisha bolti zilezile bila hata kuzitazama. Mwezi haujaisha gari limerudi.

Kinachobana hedi ni mvuto. Ukikaza, bolti inarefuka kidogo na kutaka kurudi, kama mpira wa manati. Injini nyingi za sasa bolti zake hukazwa hadi zivuke kiwango cha kurudi, zikabaki ndefu. Kitabu cha injini ndicho kitakuambia: kipimo kikianza na Nm (niutoni-mita, nguvu ya kukaza) kisha kikaendelea na digrii za kuzungusha, mfano 90 na 90 tena, zihesabu kuwa za mara moja, isipokuwa kitabu chenyewe kimetoa kipimo cha kuzikagua.

Hatua ya 1: kununua. Nenda na namba ya injini na bolti moja ya zamani. Alama ya 10.9 kichwani maana yake chuma kinahimili takriban niutoni 1,000 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. Wapo wanaochukua 12.9 ya dukani wakidhani namba kubwa ni bora. Siyo. Bolti ya M12 peke yake inaweza kuwa na pichi (nafasi kati ya thredi na thredi) ya milimita 1.25, 1.5 au 1.75, na shingo ya bolti ya hedi imepimwa irefuke kiasi fulani. Stadi (bolti isiyo na kichwa, yenye thredi pande zote mbili) na nati ni nzuri kwa injini iliyoongezwa nguvu, kwani stadi haijisokoti wakati wa kukaza. Kwa Noah ya abiria ni hela ya bure.

Hatua ya 2: matundu ya bloku. Hapa usiwe na haraka. Safisha thredi, puliza kwa kompresa, vaa miwani. Tundu lisilotokeza likibaki na maji au oili, bolti inaisukuma na haina pa kutokea. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, itakuambia imekaza kumbe hedi haijabanwa, na bloku linaweza kupasuka. Matundu yanayotokea kwenye njia ya maji yanataka silanti (dawa ya kuziba mvujo) kwenye thredi.

Hatua ya 3: oili. Kama kitabu kinasema oili, paka kidogo kwenye thredi na chini ya kichwa cha bolti, pamoja na washa (pete ya chuma inayokaa chini ya kichwa). Kama kinasema kavu, acha kavu.

Hatua ya 4: kukaza. Anza katikati ukitoka nje kwa kuzunguka, kwa awamu, ukifuata mchoro. Vuta spana ya toki taratibu, usiishtue. Ukifika kwenye digrii, weka alama ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti, zote zikielekea mbele ya injini, ndipo uzungushe. Bolti uliyoiruka itajionyesha yenyewe. Wakati wa kufungua ni kinyume: anzia pembeni, uingie katikati, injini ikiwa imepoa kabisa.

MASWALI

Mbalizi: Mkuu, seti mpya ni ghali. Nitajuaje za zamani zinafaa?

Zipange zote zimesimama juu ya kioo, utaona iliyorefuka. Kisha pitisha nati mpya kwa vidole kwenye thredi zote. Ikikwama katikati, au ukiona shingo imekonda, tupa. Lakini za mara moja hazina ukaguzi, nunua.

Makambako: Shikamoo fundi. Fundi wangu anasema mkono wake unajua kuliko spana ya toki.

Marahaba. Unapokaza, karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu huishia kwenye msuguano. Thredi yenye kutu inakuwa ngumu mapema, na mkono unasema tayari. Mwambie aazime spana.

Tukuyu: Baada ya wiki nikaze tena?

Baadhi ya injini za zamani zinataka hivyo, na kitabu kitasema. Zilizokazwa kwa digrii usiziguse, utazirefusha tena.

Iringa: Bolti imetoka na thredi za bloku la alumini. Gundi ya chuma itasaidia?

Hapana, haitabeba mzigo huo. Peleka kwa mchongaji atoboe na kuweka springi ya thredi (koili ya chuma inayokuwa thredi mpya ndani ya tundu) ya saizi ileile, tundu likiwa limenyooka. Na mwambie apime matundu mengine yote kabla hujaondoka, maana hilo moja halikuchemka peke yake, injini nzima ilichemka.