SOMO: Kukusanya sarafu zilizolika kabisa, daraja la 1 hadi la 3

Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku. Ndiyo, nakusanya sarafu zilizolika. Hapana, si kwa sababu sina hela ya kununua nzuri, ingawa hilo nalo lipo.

Kipimo cha hali ya sarafu kinaanzia 1 (iliyolika kabisa) hadi 70 (mpya kabisa), alikitoa Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Wengi wanakimbilia juu, sisi tunashuka chini. Daraja la 4, ukingo bado upo. La 3, ukingo umeanza kula herufi. La 2, kuna mabaki ya picha. La 1, unajua ni sarafu gani na ya mwaka gani, basi, mengine yamekwenda. Ikivuka hapo ni kipande cha shaba tu. Ugumu upo hapo: ikilika kidogo ziko nyingi, ikilika mno si kitu. Marekani wapo wanaoshindana kukamilisha seti nzima za daraja la 1.

Hatua ya 1. Chagua eneo moja. Langu ni Afrika Mashariki: pysa (sarafu za shaba) za Sultan Barghash wa Zanzibar za Hijria 1299 (1882), pesa (ndilo jina la sarafu yenyewe) za kampuni ya Wajerumani za 1890 hadi 1892, heller (sarafu ndogo za koloni la Wajerumani) kuanzia 1904, na senti za tundu za Mwingereza.

Hatua ya 2. Lenzi ya mara kumi na mizani ndogo ya sonara.

Hatua ya 3. Zunguka kwa masonara, wauza vyuma chakavu, maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe na Mombasa. Omba kuangalia kopo la vitu mchanganyiko. Ukitamka "sarafu ya kale" umeshapandisha bei mwenyewe.

Hatua ya 4. Hakikisha imeliwa na mikono ya watu, si na tupa. Ya mikono ni laini, imelika pande zote mbili, kingo zimeviringika, na kwenye lenzi mikwaruzo inakwenda kila upande. Ya msasa ina mistari inayolala upande mmoja na kingo kali. Iliyotobolewa au kulehemiwa kuwa kidani, hata iwe nzuri vipi, si yetu. Na jihadhari na za Tabora za 1916: Wajerumani walizipiga chapa wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, na nyingi zilitoka hafifu siku ya kwanza. Picha kufifia hapo si ushahidi wa kulika. Tazama ukingo.

Hatua ya 5. Kusoma mwaka. SOMA POLEPOLE. Mwaka hauonekani vizuri, mtu anakimbilia ukwaju, ndimu na jivu, kama anasugua sufuria. USIFANYE. Asidi inakula shaba yote, pamoja na ule mwinuko mwembamba wa tarakimu uliobaki. Dakika chache unaona "19" inajitokeza, unafurahi, unaongeza muda, ukiisuuza tarakimu hazipo na shaba imekuwa ya waridi. Rangi ile hairudi. Ninayo heller ya namna hiyo juu ya meza, ni kazi yangu mwenyewe, siiuzi. Usitumie dawa ya meno wala brashi ya waya, wala "kidogo tu pembeni". Fanya hivi: chumba giza, sarafu mezani, tochi ya simu uilaze pembeni karibu usawa wa meza, kisha zungusha sarafu taratibu, usizungushe taa. Kuna pembe moja tarakimu zitatupa kivuli. Piga picha hapo hapo, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, ongeza utofauti wa mwanga na giza. Ikishindikana, iache kama ilivyo uende hatua ya 6.

Hatua ya 6. Mwaka ukifutika, aina inaweza kukutajia. Heller 5 kubwa ya shaba isiyo na tundu ilipigwa 1908 na 1909 tu. Rupia ya Mjerumani yenye simba na mnazi ni ya 1890 hadi 1902. Yenye matawi na neno Ostafrika ni ya 1904 kwenda mbele. Shilingi ya Mfalme George wa Sita ikiwa na maneno IND IMP (Kilatini, kifupi cha "Mfalme Mkuu wa India") ni ya kabla ya 1948, maana India ilishajitawala 1947.

Hatua ya 7. Bahasha ya karatasi. Si plastiki laini, hasa kwa tulio pwani.

---

MASWALI

Mzigo_Mzito: Nina rupia ya mjerumani, bei gani?

— Picha pande mbili, na uzito. Nzima ni gramu 11.66.

Mzigo_Mzito: Picha sina. Ila nasikia ikivuta punje za mchele kama sumaku ni mamilioni.

— Ni fedha, asilimia 91.7. Haivuti mchele, sumaku yenyewe haiishiki. Huyo wa mamilioni atakuomba kwanza hela ya "kupima". Usitoe.

Binti Makorora: Shikamoo mkuu. Kwenye kopo la bibi kuna senti kumi ya tundu, mwaka umekwenda kabisa. Kwa ile tochi nimeona EDWA, basi. Kuna tumaini?

— Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutoisugua. Rangi yake ikoje? Kama ni ya shaba, huyo ni Mfalme Edward wa Nane. Alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu, na senti zake za huku zote ni za 1936. Hazina sura yake, jina tu, kwa sababu katikati kuna tundu. Hivyo mwaka unao hata kama hauonekani. Kama ni nyeupe, ni ya babu yake, Edward wa Saba, na maandishi yatakuwa na neno UGANDA. Tafuta pia herufi ndogo H au KN, ni alama za viwanda vya Birmingham.

Binti Makorora: Ni ya shaba! Na kuna kitu kama H.

— Kama tundu ni la kiwandani na ukingo haujagongwa, weka picha hapa. Ningeitaka.

kichwa_ngumu: Nikiisugua kwenye sakafu ya saruji itafika daraja la 1 haraka?

— Hatua ya 4.

kichwa_ngumu: Nimeisoma. Nauliza kama watajua.

— Watajua.

Mtu wa Kilwa: Kuna vijana Kisiwani wanaokota visarafu vidogo vya shaba, vimelika sana. Vinafaa?

— Hivyo ni vya masultani wa Kilwa, na pale ni eneo la urithi wa dunia tangu 1981. Usinunue, wape habari watu wa Mambo ya Kale. Sarafu iliyotolewa ardhini bila kuandikwa ilikokuwa imepoteza nusu ya habari yake.

Fundi saa: Riale ya Maria Theresa iliyolika mwaka unahesabiwaje? Zangu zote ni 1780.

— Swali zuri. Karibu zote zimeandikwa 1780, ndio mwaka aliofariki huyo malkia wa Austria, na ziliendelea kupigwa hivyo hivyo baada yake kwa ajili ya biashara ya huku, Uhabeshi na Arabuni. Kwa hiyo mwaka haukusaidii. Linganisha manyoya ya tai na kile kipini cha nguo begani mwa malkia. Iliyolika kweli kweli sijaiona sokoni, ukiipata nijulishe kabla ya sonara.

Fundi saa: Nitakumbuka. Halafu heller 5 kubwa haiingii kwenye vishikio vyangu.

— Ina milimita 37, haiwezi. Kata bahasha ya kaki, ikunje mara mbili, usitumie pini.

Binti Makorora: Mimi natia na vile vipakiti vya kukausha unyevu vya kwenye maboksi ya viatu.

— Vizuri. Vibadilishe masika.