Unaenda kutembelea familia ya wamisionari Prague, mji mkuu wa Cheki? Soma hii kwanza

Usiwapangie tarehe, waulize wao, maana Jumapili ndo siku yao ya kazi na wanachoka kuliko unavyodhani, mi naona katikati ya wiki ndo poa. Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, omba mapema. Pesa ya kule ni koruna, sio yuro.

Ukifika mlangoni vua viatu, Wacheki wengi hawaingii navyo ndani na wenyeji wako washazoea hivyo. Zawadi waulize wamemisi nini cha nyumbani ndo uwabebee, na watoto usiwasahau jamani, wao hawakuchagua kuhama.

Tramu sasa, yaani zile treni za barabarani mjini: tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kile kimashine ukipanda, bila hivyo ni faini. Mjini waombe wakupeleke kanisa la Bethlehemu alikokuwa anahubiri Jan Hus, yule mhubiri Mcheki aliyepinga maovu ya kanisa akachomwa moto 1415, jengo lilijengwa upya miaka ya 1950 ila kuta nyingine ni zile zile za zamani, halafu mkaone sanamu yake uwanja wa mji mkongwe. Daraja la Charles nenda alfajiri kabla watu hawajajaa. Jioni omba nao, waulize wanataka kuombewa nini, na usizidishe siku mlizokubaliana.