Kubadilisha themostati ya Toyota Ractis nyumbani, na namna ya kumaliza hewa kwenye maji

Shemeji aliniletea Ractis yake siku mbili baada ya gari kuchemsha kwenye mlima Kitonga, akitokea Dar. Nilipofungua kifuniko cha themostati (valvu inayofunguka kwa joto kupitisha maji ya rejeta) nikakuta patupu. Fundi aliyemhudumia mwaka jana aliing'oa akamwambia nchi ya joto haina haja ya kidude hicho. Maneno hayo nimeyasikia gereji nyingi, na bado yananikera.

Themostati ya injini hii, 1NZ-FE, huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kabla ya hapo inafunga ili injini ipate joto lake upesi. Ukiitoa, asubuhi ya Iringa injini inakwenda muda mrefu ikiwa ya baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na oili inashika unyevu. Hilo wengi wanalijua na wanalivumilia. Wasilolijua ni kwamba mgongoni mwa themostati kuna kisahani cha pili. Themostati ikifunguka, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Themostati isipokuwepo, njia hiyo haizibwi kamwe, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Tambarare huoni shida. Panda Kitonga na abiria wanne na AC imewashwa, utaiona.

Haya ninayoeleza yanahusu 1NZ-FE popote ilipofungwa: Ractis, IST, Probox, Allion na Premio, zote za 1.5.

Kununua na kupima

Nenda dukani na namba ya chesisi, siyo na neno "themostati ya Ractis". Nunua na mpira wake wa duara. Rudi nayo nyumbani uipime kabla ya kuifunga, hata kama ni mpya, maana feki zipo na kazi ya kuifikia ni ndefu.

Ichovye kwenye maji ya moto ifunguke kidogo, pitisha uzi mwembamba kwenye mwanya, itoe ipoe iubane uzi. Sasa ining'inize kwa uzi huo ndani ya sufuria la zamani (usichukue la ugali, utagombana na watu wa jikoni), chomeka kipimajoto, washa moto mdogo. Ikidondoka, soma nyuzi. Yetu ilidondoka kwenye 82. Kitabu cha Toyota kinataka pia ifunguke milimita 8.5 au zaidi kwenye nyuzi 95, ila kwa sisi wa Iringa maji yanachemka karibu na nyuzi hizohizo kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo ikipungua kidogo usikimbilie kumrudishia mwenye duka.

Kufungua

Injini iwe imepoa kabisa. Toa negativu ya betri. Waya mnene wa oltaneta una moto wa umeme muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa.

Themostati iko mbele ya injini, nyuma ya oltaneta, pale mpira wa chini wa rejeta unapoishia. Wapo wanaoifikia bila kutoa oltaneta kwa kupinda mikono. Mimi naitoa: legeza boliti mbili, ya spana 12 na ya spana 14, vua mkanda, chomoa nyaya, weka pembeni. Robo saa tu, na unaona unachofanya.

Maji nayamwaga kwa kuchomoa mpira wa chini, ndoo ikiwa imeshakaa tayari. Kile kizibo cha plastiki chini ya rejeta sikigusi kwenye gari la miaka kumi na tano. Kikikatika umejiongezea kazi. Usimwage kulanti (hayo maji ya kupozea injini) uani. Ni sumu na ina ladha tamu, mbwa ataramba.

Kisha nati mbili za 10, na kifuniko kinatoka.

Kufunga

Safisha uso wa alumini kwa kitambaa na kucha. Usikwangue kwa bisibisi. Vika themostati mpira wake mpya, irudishe, weka kifuniko, kaza nati. Usipake silikoni! Mpira ule unatosha wenyewe, na silikoni inayozidi hukatika vipande vikaenda kuziba rejeta. Nguvu inayotakiwa kwenye nati ni Nm 9, yaani kukaza kwa kifundo cha mkono tu. Ukikaza kama nati za tairi utakata stadi (ule msumari wa nyuzi unaoshika nati) ndani ya alumini.

Hapa pana jambo dogo lililonilia Jumapili nzima, miaka kadhaa iliyopita, kwenye Probox yangu. Pembeni mwa themostati kuna tundu dogo lenye kipini kinachochezacheza ukiitikisa. Kipini hicho kikae JUU kabisa, pale penye namba 12 kwenye saa ya ukutani. Kupotoka kidogo, nyuzi kama 10 za pembe kila upande, kunaruhusiwa. Kazi yake ni kupitisha hewa iliyonaswa. Mimi nilikiweka chini, kwa kuwa sikujua kama kina upande. Nikajaza maji kwa dakika tano, nikafunga mfuniko, nikawasha. Baada ya muda joto likaruka kutoka 85 hadi 108, huku mpira wa chini ukiwa baridi na hita inapuliza ubaridi. Nikailaumu themostati mpya. Nikafungua tena oltaneta, nikaipima upya kwenye sufuria, nzima. Nikaifunga vilevile, ikachemsha tena. Mara ya tatu ndipo nilipotazama ile ya zamani na alama ya kutu ilivyokaa, nikajua kipini kilikuwa juu.

Kujaza na kutoa hewa

Hapa ndipo watu wanapochoma hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini), kwa hiyo usiwe na haraka.

Kwanza, ujue joto unalisoma wapi. Ractis haina mshale, ina taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Nunua kile kidude cha OBD cha bluetooth, kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari, ukisome kwenye simu. Lakini nacho usikiamini peke yake: sensa ikizungukwa na hewa badala ya maji husoma uongo.

Ukisharudisha mpira wa chini, oltaneta, mkanda na betri, paki gari pua ikiwa imeinuka, kwenye mteremko au juu ya jeki na stendi, ili mdomo wa rejeta uwe juu. Weka hita kwenye joto la mwisho, feni ya ndani kwenye namba ndogo. Mimina kulanti polepole. Natumia ya Toyota ya pinki, iliyochanganywa tayari. Ukinunua ya kuchanganya mwenyewe, tumia maji ya betri yale ya kuongezea (siyo asidi), maana ya bomba huacha magadi. Kila ukimimina nusu lita, simama uminye mpira wa juu na wa chini mara kadhaa. Utasikia hewa inabwabwaja. Rudia mpaka maji hayashuki tena.

Washa injini, mfuniko ukiwa wazi. Acha silensa (injini ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta), endelea kuminya mipira na kuongeza. Maji yakianza kupanda na kumwagika kadiri joto linavyoongezeka, funga mfuniko. Ukishaufunga na injini ikapata moto, usiufungue tena hadi ipoe, hata kwa kitambaa kinene.

Halafu shika mipira. Mafundi wengi hushika wa juu na kuridhika. Kwenye injini hii themostati iko upande wa kuingilia maji, kwa hiyo anayesema kweli ni mpira wa CHINI. Unabaki baridi muda mrefu, kisha unapata joto upesi simu ikisoma kama 82 hadi 88. Feni ya rejeta inakuja baadaye, tisini na kitu, inashusha joto, inazima. Subiri iwake na kuzima mara mbili. Hita ipulize moto wakati wote. Ikipuliza ubaridi huku injini ina moto, bado kuna hewa. Simu ikifika 100 na mpira wa chini ni baridi, zima hapohapo, subiri saa nzima, anza upya.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yatakuwa yameshuka kidogo. Jazia, weka chupa ya akiba kwenye mstari wa juu, na utazame mpira wa mfuniko wenyewe. Ukiwa umepasuka, badilisha mfuniko kwa mwingine wenye namba ileile. Wa shemeji ulikuwa umepasuka, na maji yalishuka kwa vikombe viwili vya chai.