Somo: Hakikisha pambano lipo kabla hujaandika ubaoni

Habari zenu wapenzi wa ngumi. Nina kibanda cha kuonyesha mechi hapa Mwanga, Kigoma, na somo hili limenigharimu. Februari 2024 niliandika ubaoni: Tyson Fury na Oleksandr Usyk, Jumamosi tarehe 17. Bango nililipata kwenye kundi la WhatsApp, zuri, lina picha zao wote wawili. Vijana wawili wa Kibirizi hawakuingia ziwani usiku ule kwa ajili ya pambano hilo, na mvuvi wa dagaa akilala nchi kavu usiku mmoja, nyumbani kwake wanaujua.

Pambano halikuwepo. Fury alichanika juu ya jicho la kulia akiwa mazoezini, na kuahirishwa kulitangazwa tarehe 2 mwezi huohuo. Wiki mbili nzima habari ilikuwa wazi, mimi sikuitafuta. Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Anza kwa mwenye pesa yake ndani

Promota na televisheni inayorusha ndio wanaoumia pambano lisipokuwepo, kwa hiyo nenda kwenye kurasa zao wenyewe. Kwa mapambano ya Uingereza mara nyingi utakutana na Matchroom au Queensberry, kwa Marekani Top Rank, na kwa hapa nyumbani mengi yanapita Azam TV. Angalia tarehe ambayo taarifa iliwekwa, maana bango la zamani halifutiki, linazidi kusambazwa tu.

Maneno nayo yapime. "Mazungumzo yanaendelea" si pambano. Bondia akisema anamtaka fulani, hilo nalo si pambano, anaweza kuwa anatafuta mkataba kwa mdomo. Mimi nasubiri vitu vinne vikae pamoja: majina mawili, tarehe, ukumbi, na nani anarusha. Kimoja kikikosekana, siandiki.

Hatua ya 2: Linganisha na rekodi

Fungua BoxRec, tovuti inayohifadhi rekodi za mabondia dunia nzima. Tafuta jina la bondia, uone kama pambano lijalo limeorodheshwa na mpinzani ni nani. Hapo pia utajua kama mpinzani amepigana karibuni au ana miaka hajapanda ulingoni.

Hatua ya 3: Saa

Hapa ndipo tunapoumia wengi, hata wenye habari sahihi. Kwanza igeuze saa ya Kizungu iwe yetu: bango likisema 10 usiku, hiyo ni saa nne. Kisha ongeza tofauti. London majira yao ya joto ongeza saa mbili, kwa hiyo kwetu ni saa sita usiku. Majira ya baridi ongeza tatu, inakuwa saa saba. Wanabadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Hassan Mwakinyo alipopigana na Liam Smith kule Liverpool, tarehe 3 Septemba 2022, tofauti ilikuwa saa mbili. Lingekuwa Desemba, zingekuwa tatu.

Riyadh hakuna hesabu, saa yao ndiyo yetu. Las Vegas ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu siku yenyewe inabadilika. Saa mbili usiku ya Jumamosi kule, wakati wa joto, ni saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili hapa Kigoma. Wakati wa baridi ni saa moja asubuhi. Kwa hiyo ubaoni andika "Jumamosi kuamkia Jumapili" au "Jumapili asubuhi", usiandike "Jumamosi" peke yake. Na saa iliyo kwenye bango mara nyingi ni ya mapambano ya utangulizi, pambano kuu linakuja baadaye sana.

Hatua ya 4: Subiri mizani

Kwa kawaida mabondia hupima uzito siku moja kabla. Mpaka wapande mizani, jina la mpinzani liandike kwa chaki. Tarehe 1 Juni 2019 Anthony Joshua alikuwa apigane na Jarrell Miller, Madison Square Garden. Miller akaanguka vipimo vya dawa, akaingia Andy Ruiz Jr. Tarehe ileile, ukumbi uleule, mtu mwingine, na huyo mwingine akamwangusha Joshua na kummaliza raundi ya saba.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kasulu: Kaka, bando langu dogo. Nianzie wapi?*
Usifungue video. Tafuta majina mawili ya mabondia pamoja na neno "postponed", yaani limeahirishwa, maana habari za nje hutoka kwanza kwa Kiingereza. Soma vichwa vya habari na tarehe zake, inatosha.

*Mwanachama, Ujiji: Facebook kuna watu wanarusha "mubashara" siku tatu kabla. Ni kweli?*
Hapana ndugu yangu. Hilo ni pambano la zamani au mchezo wa kompyuta. Tazama rangi ya bukta na maandishi ya ulingoni, utaligundua.

*Mwanachama, Uvinza: Je, pambano la hapahapa mkoani?*
Muulize promota kibali cha Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC. Kisha nenda kwa mwenye ukumbi umuulize kama siku hiyo imelipiwa. Hilo la pili ni la kutembea kwa miguu tu, na ndilo ninaloliamini zaidi.

*Mwanachama, Gungu: Shikamoo mzee. Likifutwa watu wameshalipa, unafanyaje?*
Marahaba mwanangu. Narudisha yote, palepale mlangoni. Wale wawili wa Kibirizi niliwarudishia usiku uleule. Fury na Usyk walipokutana Riyadh, usiku wa Mei 18 kuamkia 19, niliwapigia simu mwenyewe baada ya kuona mizani, wakakaa benchi la mbele bila kiingilio.