Kumpiga mtu picha nje akapendeza: anza na kivuli

Wengi wakitaka kumpiga mtu picha nje hutafuta kwanza cha kuweka nyuma yake: maua, ukuta wenye rangi, maji. Kisha wanamsimamisha hapo hapo jua likimchoma, halafu wanashangaa mbona anaonekana mchovu. Mimi hutafuta mwanga kwanza. Maua hata yakikosekana picha haiharibiki, lakini macho yakimezwa na giza, mtu mwenyewe hajitaki.

Hatua ya 1: Tafuta kivuli kinachotazama anga

Jua likiwa utosini, mwanga hushuka wima. Paji la uso linang'aa, macho yanazama chini ya nyusi, pua inaangusha kivuli mdomoni. Hakuna kamera ya kurekebisha hilo, iwe ya bei gani.

Unachotaka ni baraza, upenuni, mlango mpana, au upande wa jengo usiopigwa na jua. Paa huzuia mwanga wa juu, kwa hiyo unaobaki unaingia kutoka mbele, nao ni mpana na laini. Msimamishe mtu karibu na ukingo, kama hatua moja ndani ya mstari wa kivuli. Akiingia ndani sana, uso unafifia.

Chini ya mti uwe mwangalifu. Niliwahi kupiga familia nzima chini ya mti ulioonekana una kivuli cha kutosha. Nilipofungua picha kwenye kompyuta, kila uso ulikuwa na madoa ya jua yaliyopenya kwenye majani, moja limekaa juu ya jicho la mtoto. Picha zile hazikuokoleka. Tangu siku hiyo naangalia chini kwanza: ardhi ikiwa na madoa, na nyuso zitakuwa nayo.

Hatua ya 2: Mgeuze taratibu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine pote, na ningependa na wewe ufanye hivyo.

Kabla mtu hajafika, nyoosha mkono, kunja ngumi, kisha zunguka polepole mahali hapo hapo ukiitazama. Upande mmoja vifundo vitaonekana bapa, bila umbo. Ukigeuka kidogo, kila kifundo kinapata upande wa mwanga na upande wa kivuli laini. Kumbuka mwelekeo huo.

Mtu akifika, mwelekeze hivyo hivyo, kisha mtazame machoni. Ndani ya mboni unatafuta kitone cheupe, yaani anga iliyoakisiwa mle. Bila kitone hicho macho huonekana hayana uhai. Mwambie ainue uso kidogo au ageukie nje kidogo, na utakiona kikiingia, mara nyingi sehemu ya juu ya mboni. Kikiingia, mwambie, "Hapo hapo, usisogee."

Hatua ya 3: Rudi nyuma

Kamera kuu ya simu nyingi ni pana. Ukijaza fremu kwa uso wake kwa kusogea karibu, pua inakua na masikio yanajificha. Kinachosababisha hayo hasa ni umbali. Simama kama mita 2 kutoka kwake, kisha vuta kwa zumu ya 2x, au 3x kama simu yako ina lenzi yake. Kwa kamera yenye sensa kubwa (full-frame; sensa ni sehemu ya ndani inayopokea mwanga), lenzi ya 85mm inafaa sana. Kwa yenye sensa ndogo ya APS-C, 50mm inatosha.

Yeye naye asiegemee ukuta. Akiuacha mita 3 au 4 nyuma yake, vitu vya nyuma vinazidi kuingia ukungu, naye anajitokeza.

Hatua ya 4: Pima mwanga usoni

Kwa mtu mmoja naanza na tundu la lenzi la f/2.8, kasi ya 1/250 ya sekunde, na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100 na kuendelea kadiri mwanga unavyohitaji. Wakiwa wawili au zaidi, f/5.6, tundu dogo zaidi linaloonesha wazi walio mbele na walio nyuma, maana si rahisi wote kusimama kwenye mstari mmoja. Lenga jicho lililo karibu nawe.

Mara nyingi kamera haijui inatazama nini. Hujaribu kuleta kila kitu kwenye mwangaza wa wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya anga angavu, kamera itamgeuza kivuli. Uso huo huo ukijaza fremu, kamera itauangaza kupita kiasi na ngozi itaonekana imepauka. Kwenye simu, bonyeza uso bila kuachia mpaka ifunge kipimo, kisha telezesha kidole kupandisha au kushusha mwanga. Kagua paji la uso na mgongo wa pua. Pakishaungua kuwa peupe kabisa, hata ukihariri hapaokoleki. Jasho lipanguse, ila mng'ao mdogo uache, maana ndio unaochonga umbo la uso kwenye ngozi nyeusi.

Hatua ya 5: Angalia rangi inayomrukia

Nyasi hurusha ukijani chini ya kidevu, na ukuta mwekundu hupaka shavu. Sakafu ya saruji au mchanga mweupe hufanya kazi nzuri ya kujaza vivuli bila kukugharimu kitu. Pasipo hivyo, shuka jeupe lishikwe usawa wa kiuno.

Hatua ya 6: Mwili

Uzito kwenye mguu wa nyuma, mkono uachane kidogo na kiuno. Kwa kidevu mimi husema, "Leta paji la uso kwangu, halafu shusha kidogo." Kwake inahisi ajabu, kwa hiyo muoneshe kwa shingo yako mwenyewe. Kamera ikae usawa wa macho. Ukipiga mwili mzima, ishushe hadi kifuani au kiunoni ili miguu isifupike.

Mwanga ukimkeresha, afumbe macho, uhesabu hadi tatu, ayafumbue. Piga papo hapo, kabla hajaanza kukunja uso.

Jioni

Saa moja ya mwisho kabla jua halijatua, unaweza kutoka kivulini. Mweke jua mgongoni, ongeza mwanga wa picha kwa kipimo kimoja (+1 kwenye kamera), na uzuie miale isiingie kwenye lenzi kwa kiganja. Nywele zitazungukwa na mstari wa dhahabu. Piga haraka, na mwambie asiondoke ukishasema mmemaliza: mabega yake yatashuka, atavuta pumzi, na hapo piga tena tatu au nne.