Komini inaponunua: kazi ya zabuni Lubumbashi, kutoka mpango wa mwaka hadi malipo

Lubumbashi ina komini saba, na kwa sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 kila moja ina bajeti yake, na mkuu wake (burugumesta) ndiye anayeamuru matumizi. Komini ikitaka kununua karatasi, pikipiki za watoza kodi au kujenga kanivo (mtaro wa betoni wa kupitisha maji), inafuata sheria ya manunuzi namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, sawasawa na wizara iliyoko Kinshasa. Udogo wa komini hauondoi sharti lolote. Kinachobadilika ni njia ya kununua, na njia inategemea thamani ya kitu.

Sheria hiyo imegawa kazi mikono mitatu. Seli ya manunuzi, CGPMP, ndiyo inayotayarisha na kuendesha zabuni. DGCMP, pamoja na biro yake ya provinsi, inakagua kabla ya kusaini. ARMP inasimamia kanuni na kusikiliza malalamiko. Ndani ya komini yenyewe fuata mgawanyo uleule: aliyeomba kitu asiwe ndiye anayechambua bei, na aliyechambua bei asiwe peke yake anapopokea mali. Komini yenye watumishi wachache hulalamika kwamba haina watu wa kutosha. Watu watatu wanatosha, mradi karatasi ionyeshe nani alifanya nini.

Anza na kalenda, si tangazo

Chukua kanivo. Mvua ya Lubumbashi hushika Novemba ikaachia Aprili, hivyo kazi ya kuchimba na kumwaga betoni inafaa ianze Mei. Hesabu kurudi nyuma: wiki mbili za kuidhinisha mkataba na kumjulisha aliyeshinda, wiki mbili za matokeo, malalamiko na barua ya kutopinga kutoka kwa mkaguzi (DGCMP), wiki mbili za kuchambua, na siku 30 za kalenda ambazo zabuni ya wazi ya ndani ya nchi haiwezi kupungua. Umefika katikati ya Februari. Weka akiba, kwa sababu sahihi huchelewa daima, na tangazo linatakiwa kutoka mwanzoni mwa Februari. Maana yake dosie ya zabuni, yaani hati wanazochukua waombaji, iandikwe Desemba na Januari. Komini inayoanza kuandika Aprili itamwaga betoni chini ya mvua, au itakimbilia kununua bila ushindani kwa kisingizio cha haraka.

Kila ununuzi lazima uwe umeandikwa kwanza katika mpango wa manunuzi wa mwaka. Usiokuwemo ni batili. Mpango unaweza kurekebishwa mwaka ukiendelea, lakini marekebisho yatangulie ununuzi.

Unapoandika mpango, kusanya mahitaji ya biro zote kwa aina: karatasi zote pamoja, wino wote pamoja, mabati yote pamoja. Kuvunja hitaji moja vipande vitatu ili kila kipande kiwe chini ya kiwango cha zabuni kumekatazwa, na mkaguzi hukuta kosa hilo upesi: bon (hati za kuagiza) tatu, mwezi mmoja, duka moja, kitu kilekile. Ukitaka wauzaji wadogo wapate nafasi, gawa zabuni moja kuwa mafungu, kila mmoja aombe fungu analoliweza. Hiyo ni halali, maana jumla inabaki wazi na njia ya kununua inachaguliwa kwa jumla hiyo.

Kadirio la bei

Bila kadirio huwezi kuchagua njia, na huwezi kujua kama bei uliyoletewa ni ya kweli. Kadirio lipimwe, lisibahatishwe. Mfano: kanivo ya mita 120, upana wa ndani sm 60, kina cha ndani sm 60, kuta na sakafu sm 15.

Sakafu: 0.90 × 0.15 = 0.135. Kuta mbili: 2 × 0.60 × 0.15 = 0.18. Kila mita inakula m³ 0.315 za betoni, na mita 120 zinakula m³ 37.8. Kwa kipimo cha kilo 350 za simenti kwa kila m³, yaani mifuko 7 ya kilo 50, unahitaji mifuko 265. Shimo ni 120 × 0.90 × 0.75 = m³ 81, kabla hujaongeza nafasi ya mbao za kufungia. Ongeza mchanga, kokoto, chuma, mbao, mafundi, usafiri na faida, kisha TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%. Mkandarasi akileta hesabu ya mifuko 180, ama ameiba simenti tayari kwenye karatasi, ama hakusoma mchoro.

Kwa mali za dukani, uliza bei katika maduka matatu au manne, andika tarehe, na usichukue proforma (karatasi ya bei ya muuzaji) kwa mtu mmoja ukaifanya kadirio. Mtu huyo atakuja kuomba zabuni akiwa tayari anajua namba yako.

Maelezo ya kitu

Fujo nyingi za baadaye huzaliwa hapa. Ukiandika «bati nzuri» utaletewa BG 35 (BG ni kipimo cha unene wa bati). Kumbuka kwamba namba ya BG inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, kwa hiyo andika BG 28 na urefu unaotaka, na siku ya kupokea pima unene. «Karatasi rimu 200» haitoshi: andika A4, gramu 80, karatasi 500 kwa rimu. Kwa pikipiki taja ukubwa wa injini, vipuri vinavyokuja nayo, karatasi za forodha na muda wa garanti. Usitaje chapa. Kama huwezi kueleza kitu bila chapa, ongeza maneno «au inayolingana nayo», na uwe tayari kweli kupokea inayolingana.

Kuchagua njia

Zabuni ya wazi ndiyo kanuni. Viwango vya thamani viliwekwa na dekreti namba 10/34 ya tarehe 28 Desemba 2010. Jedwali linalotumika sasa libandikwe ukutani mwa seli, mtu asikisie. Chini ya kiwango, komini huomba kotasio (bei kwa maandishi kutoka kwa wauzaji), na busara ni kutopungua watu watatu. Ujanja wa kawaida ni kotasio tatu zilizotoka kwa mtu mmoja: mwandiko mmoja, kosa moja la tahajia katika zote tatu, au namba ya simu inayorudi. Peleka maombi mwenyewe kwenye maduka, na kila duka lisaini daftari la kupokea.

Ununuzi wa moja kwa moja bila ushindani unahitaji ruhusa ya DGCMP kabla, na sheria imetaja hali chache tu, kama mwenye haki ya pekee au dharura isiyotabirika. Daraja lililobebwa na maji ni dharura. Mwaka wa bajeti kuisha si dharura, hata mkuu akipiga meza.

Dosie na tangazo

Dosie itaje siku na saa ya mwisho, mahali pa kuweka bahasha, muda ambao bei itabaki halali, sarafu, na ni kiwango cha ubadilishaji cha siku ipi kitakachotumika kama wengine wataandika dola na wengine franga. Itaje pia kama bei ni pamoja na TVA au bila. Mistari hii miwili, ya sarafu na ya TVA, ikikosekana, uchambuzi wote unakuwa ugomvi.

Karatasi za kampuni: RCCM (rejista ya biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa), namba ya kodi, cheti cha DGI (idara ya kodi) na cha CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii). Ukidai zaidi, kama mapato ya miaka mitano kwa ajili ya meza kumi, umewafukuza wafanyabiashara wa komini ya Kenya na Katuba ukabaki na wakubwa wawili wanaojuana. Muombaji akiuliza swali, jibu kwa maandishi kwa wote waliochukua dosie, bila kutaja aliyeuliza.

Kupokea na kufungua

Kila bahasha ipewe namba, saa na sahihi kwenye daftari. Iliyochelewa hata dakika tano hurudi bila kufunguliwa. Kufungua ni mbele ya watu, saa ileile iliyotangazwa, na waombaji wanaruhusiwa kuhudhuria. Soma kwa sauti jina, bei, punguzo na garanti ya zabuni, wajumbe watie sahihi kila ukurasa wenye bei, kisha PV (kumbukumbu ya kikao) isainiwe palepale kabla ya mtu kutoka. Punguzo lisilosomwa siku hiyo lisihesabiwe baadaye. Ndiyo njia ya zamani ya «kumpata» mshindi usiku.

Uchambuzi

Kamati ndogo ya uchambuzi ifuate mpangilio mmoja kwa wote: je, karatasi zimetimia, je, kitu kinalingana na maelezo, je, hesabu ni sahihi, na mwisho bei. Pale bei ya kimoja kimoja inapogongana na jumla, bei ya kimoja ndiyo inayoshinda, na jumla inahesabiwa upya.

Kisha weka bei zote kwenye msingi mmoja. Muombaji wa kwanza ameandika franga 10,000,000 bila TVA. Wa pili ameandika 11,200,000 pamoja na TVA. Mezani wa kwanza anaonekana wa bei ya chini. Lakini ongeza 16% na wa kwanza anafika 11,600,000. Au toa TVA kwa wa pili na anabaki na karibu 9,655,000. Aliyestahili ni wa pili. Kosa hili likionekana baada ya mkataba kusainiwa, lalamiko lake halina jibu.

Bei ya chini mno usiitupe kimya. Muombe kwa barua aonyeshe mchanganuo. Pengine ana kokoto zake mwenyewe. Pengine amesahau chuma.

Matokeo, mkataba, kupokea

Tangaza mshindi na wajulishe walioshindwa pamoja na sababu. Usisaini siku hiyohiyo: mwenye lalamiko anaanza kwa komini yenyewe, na asiporidhika anakwenda ARMP, na siku zake ni chache lakini ziheshimiwe. Mkataba husainiwa, huidhinishwa, ndipo mshindi hujulishwa kwa barua. Anayeanza kuchimba kabla ya barua hiyo kwa sababu mkuu alimwambia kwa mdomo anachimba kwa hatari yake, na fakitire yake itakwama.

Kazi ya kupokea ifanyike kwa kipimo mkononi. Kwa kanivo, wajumbe wawepo siku chuma inapowekwa, maana betoni ikishamwagwa hakuna anayeona kilichofunikwa. Hesabu mifuko inapoingia, si mifuko mitupu mwishoni. Mifuko mitupu huazimwa. Kupokea kwa muda hufuatwa na kipindi cha garanti, na mvua ya kwanza ndiyo inayoonyesha maji yanaenda wapi.

Malipo yana hatua nne: kufunga pesa kwenye mstari wa bajeti, kuhakiki deni, kuamuru malipo, kulipa. Ya kwanza itangulie bon de komande. Wengi huigeuza: wanaagiza, wanapokea, ndipo wanatafuta mstari, na mhasibu anakataa, tena kwa haki. Muuzaji aliyesubiri mwaka mzima ataongeza gharama hiyo katika bei ya mwaka ujao, kwa hiyo kuchelewa kulipa ni ghali kuliko inavyoonekana.

Dosie ifungwe ikiwa na kurasa zenye namba na orodha juu: ukurasa wa mpango, kadirio, tangazo, daftari la bahasha, PV zote, ripoti ya uchambuzi, barua ya mkaguzi, mkataba, bordero (hati ya kukabidhi mali), fakitire, uthibitisho wa malipo. Hifadhi humo pia zabuni za walioshindwa, zote, pamoja na bahasha zao. Inspekta wa fedha au mkaguzi wa Mahakama ya Hesabu hawezi kupima uamuzi wa komini kwa kusoma zabuni ya mshindi peke yake.